Paratene Kemara na Shimo la Moto la Nuhaka

Wapendwa mliotoka karibu na mbali, mkavua viatu mlangoni na kumlilia ndugu yetu kwa siku hizi tatu, familia imemtuma Ngahuia, kitinda mimba wa nyumba yao, awasomee safari ya kaka yake, naye anaomba mumvumilie sauti ikikatika.

Marehemu Paratene Kemara alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 hapa Nuhaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Hakaraia na mama Roimata, na tangu alipojua kutembea hakuna aliyemwona ametulia mahali pamoja, labda leo, na leo ndiyo inayotuuma.

Alianza shule mwaka 1966, na shule haikumpenda, wala yeye hakuipenda, maana alichapwa kwa kuchezesha miguu, akachapwa kwa kuchungulia dirishani, akachapwa kwa kujibu kabla swali halijaisha, hata akaamini kweli kwamba yeye ni mjinga, akaacha sekondari mwaka 1976 bila cheti chochote. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha nyama, akashika kisu miaka kumi na saba, kisha akajiajiri kujenga uzio wa mashamba ya kondoo, na kuanzia mwaka 2003 ndiye aliyesimamia shimo la hangi, tanuri letu la ardhini, hapa kwenye boma la ukoo, akichoma mawe mpaka yageuke meupe, akiteremsha nyama na viazi vitamu, akifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, kisha udongo juu yake, na hakuna msiba wala harusi hapa ambapo hatukula mapishi ya mkono wake.

Tarehe 16 Februari 1985 alimwoa Makareta, wakajaliwa watoto watatu, Erena, Tipene na Wikitoria, na Makareta alipotangulia mwaka 2016, marehemu akabaki mtu wa kucheka nusu.

Kicheko kilirudi na Manaaki, mtoto wa Erena, aliyeletwa kwa babu yake akiwa na miaka kumi na mmoja baada ya shule ya tatu kumchoka. Mwaka 2021 walikwenda pamoja kwa daktari, akawaeleza kwamba kijana ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza fikira, si ujeuri wala si malezi mabaya, na daktari alipokuwa akizitaja dalili moja baada ya nyingine, marehemu alitoka nje, akakaa kwenye gari lake, akalia, kwa sababu aliyekuwa akielezwa mle ndani alikuwa yeye mwenyewe, na fimbo zote zile alizila bure.

Tangu siku ile kila asubuhi alimpa mjukuu wake kidonge na maji, halafu akamfungulia banda la kuni. Mwezi Desemba 2022, kwenye msiba uliohudhuriwa na watu mia mbili, alimwachia moto auangalie, na Manaaki, kwa kuona trekta likipita, akalifuata, mawe yakapoa, na shimo lilipofunuliwa mbele ya wageni nyama ilikuwa mbichi, ina damu, ukoo mzima ukalisha watu mkate na siagi. Aibu ile mnaijua. Wajomba wakasema, "Huyo mpeni kuokota taka, moto si wake," naye marehemu akawajibu, "Kosa ni langu, nilimpa kazi ya kukaa. Huyu hapewi kazi ya kukaa, anapewa kazi ya kufanya." Msiba uliofuata akampa shoka, koleo, magunia na maji, mikono isipate nafasi hata ya kujikuna, na nyama ikaiva mpaka ikaachia mfupa, na yule aliyeitwa mzigo darasani akaanza kuwaamrisha wajomba zake wasogee, wanaziba upepo.

Mwezi Machi mwaka huu, 2024, marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akatibiwa hospitalini Hastings, akaomba arudi nyumbani, na tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki dunia kitandani pake, mkono wake umeshikwa na Erena.

Wengi mmeuliza Manaaki yuko wapi, mbona haketi na familia kando ya jeneza, na wengine mmenong'ona kwamba hana uchungu. Asubuhi hii mama yake alimfuata shimoni, akamwambia, "Mwanangu, njoo umuage babu yako, jeneza linafungwa," na kijana, uso umejaa majivu na machozi, akamjibu, "Mama, nikija huko nitakaa. Nikikaa nitavunjika. Niache nimpikie." Kwa hiyo msimuulize kwa nini hakuingia, huko aliko ndiko anakolia, na chakula mtakachokula tukitoka makaburini amekipika peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hastings, majirani waliotuletea kuni na kome, wajenga uzio wenzake waliochimba kaburi kwenye baridi hii, na walimu wanaomruhusu Manaaki atoke darasani siku za Ijumaa aje kuandaa shimo, marehemu aliwaombea heri hadi mwisho.

Kaka, umehangaika vya kutosha, sasa tulia. Pumzika kwa amani, moto una mtu.