Syllabus na Hofu ya Namba Tano

— Dola elfu nane za mwisho wa kazi, Syllabus, na we unataka kuandika namba moja?

— Niandike ngapi sasa?

— Tano. Na ukandamize bic.

Ndivyo nilivyowakuta kwenye benchi ya kahawa ya mama Marthe, hapa Baraka, pale pikipiki za kwenda Mboko zinapongojea abiria. Syllabus ni Papa Darius, mwalimu wa chuo kikuu. Mshahara ukichelewa anakula kwa syllabus, yale makaratasi ya masomo anayowauzia wanafunzi, ndiyo jina likamshika. Macho yamechoka, siku hizi wanafunzi ndio wanamsomea maneno yake mwenyewe. Mkononi alikuwa na karatasi ya utafiti inayopima wafanyakazi wa chuo wanaogopa kustaafu kiasi gani: moja ni hakuna hofu, tano ni hofu kubwa. Aliyemsukuma aandike tano ni mwenzetu Waziri, tunamwita Amirali kwa sababu ya boti zake mbili zinazoenda Kazimia ziwani. Aliyempinga ni Fabien, Bâtonnier wetu, yaani mkuu wa mawakili, ingawa mahakamani ameingia kama shahidi tu.

— Wakati wa mafuriko, Amirali akasema, jirani yangu aliandikisha kama maji ilifika kwa magoti. Hawakumupa kitu. Mwenye alisema ilifika kwa shingo alipata bâche, turubai ya kuezekea, na sufuria. Mficha uchi hazai.

— Hii haiko bâche, Bâtonnier akasema. Akiandika tano, bakubwa batasema: huyu muzee anatetemeka, tumutoshe kwa kazi. Kesho syllabus yake inafungia karanga.

Syllabus akaweka kikombe chini. Hilo lilimchoma.

— Basi tatu?

— Tatu ni ya muntu mwenye kuzunguka, nikasema. Unaogopa ao hauogopi?

— Mbele ya wanafunzi siogopi. Nikirudi nyumbani, mke wangu mama Espérance akiniuliza siku nikiacha kazi tutakula nini, inapita tano.

Bâtonnier akainama, sauti chini.

— Mi najua siri yao. Banapima hofu bajue muntu anaweza kungojea malipo miaka ngapi mbele ya kufa. Mwenye moja, bamuache angojee. Mwenye tano, bamuache vilevile, hatafika mbali.

— We nawe, Amirali akasema. Mvumilivu hula mbivu.

— Na meno ya kuilia? mama Marthe akauliza, akimimina.

Pikipiki ikasimama, akashuka Vanessa, mwanafunzi wa Syllabus, ndiye aliyegawa zile karatasi. Amirali akamdaka.

— Mwanangu, mwenye tano atalipwa lini?

— Kulipwa? Papa, ile ni ya mémoire yangu, kitabu cha kumalizia masomo. Hakuna mwenye atalipwa.

Amirali akatazama kikombe chake. Vanessa akachukua karatasi, akaigeuza.

— Papa Prof, swali ya mwisho haukujibu. Nitajie mwenzako mumoja mwenye alistaafu, alienda retraite, na akalipwa. Nataka nimuulize anaishi namna gani.

— Néhémie, Amirali akasema haraka.

— Alikufa angali anafundisha, Syllabus akasema.

— Mama Constance wa bibliothèque, mwenye kutunza vitabu?

— Sanduku lake la kuzikiwa tulilichangia hapa. Kwa hii benchi.

Bâtonnier, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kutafuta kiatu chake chini ya benchi. Mimi nami nilitafuta jina. Sikupata.

Syllabus akampa Vanessa bic.

— Andika we, macho yangu haioni mistari.

— Niandike namba ngapi, Papa Prof?

— Acha namba. Andika: nimefundisha miaka makumi tatu na moja. Munilipe kwanza. Kisha mukuje munipime.