Nukta Isiyotulia

Mbele ya duka la chakula cha mifugo la Tolbert, chini ya paa la bati ambapo malori hushushia magunia, kuna benchi refu ambalo hakuna aliyewahi kulikuta tupu Jumamosi asubuhi. Birika la kahawa liko dirishani, na anayelifikia bila kunyanyuka ni Waya, basi Waya ndiye mmiminaji. Huyu alipanda nguzo za umeme za Texas ujana wake wote, na mpaka leo hakuna tatizo duniani asiloliona kuwa la umeme. Pembeni yake hukaa Shemasi, aliyevuliwa ushemasi kwa sababu ya ubishi lakini jina likagoma kumtoka, mwenye methali kwa kila jambo hata pale jambo lenyewe linapokataa. Mwisho wa benchi ni Nyundo, jina la kwao Harlan Stovall, aliyepigilia viatu vya chuma kwenye kwato za farasi wa wilaya nzima kabla ya kustaafu. Benchi lina sheria moja tu. Bastola ikiletwa pale, magazini yenye risasi inatolewa, watu wawili wanachungulia chemba kuona kama imebaki risasi, kisha inaelekezwa kwenye matairi yaliyojazwa udongo huko mwisho wa banda. Anayeielekeza kwingine anakunywa kahawa yake nyumbani kwake mpaka Krismasi. Jumamosi hiyo Nyundo alileta bastola yake kwa mara ya tatu, na chini ya mtutu ilikuwa na leza yake ya tatu, taa ndogo ya kulengea.

— Chemba tupu, alisema Shemasi.

— Tupu, alisema Waya. Haya, washa.

Nyundo alibana swichi kwenye mpini na nukta ya kijani ikarukia kwenye matairi. Ilikuwa kali, inaonekana vizuri hata na jua lile la nje. Lakini haikutulia. Ilizungukazunguka juu ya tairi la kati kama nzi anayetafuta pa kutua.

— Bado, alisema Nyundo, akaizima.

— Bado, alikubali Waya. Hilo ni tatizo la betri. Betri mpya huja na umeme mwingi, unasukumana njiani. Ngoja uchoke kidogo.

— Ulisema hivyohivyo kwa ile nyekundu.

— Ile nyekundu ilikuwa nyekundu. Mwanga mwekundu mchana haufai, nilikwambia mapema, ukaenda kumsikiliza Shemasi.

— Mimi nilisema nyekundu ni rangi ya tahadhari, alijitetea Shemasi. Mwizi akiiona kifuani anatahadhari. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Wahenga walikuwa wanasema chawa, bwana, si leza.

Nyundo hakucheka. Alipokea kikombe chake na kukitazama.

— Na wewe Waya, mbona siku hizi unanipa nusu? Kahawa ni ya Tolbert, si ya shambani kwako.

— Nusu inakaa moto, mzee. Ukimaliza nakuongeza.

Nyundo aliguna. Kichwa chake hakikuwa kwenye kahawa. Tangu masika, nyumba mbili ng'ambo ya kijito zilivunjwa mchana kweupe, na kutoka mjini mpaka getini kwake sherifu akiitwa hufika wakati wezi wameshauza walichoiba. Macho yake nayo yalikuwa yamechoka, alama ya kulengea iliyo mbele ya mtutu aliiona kama ukungu. Ndipo mwanawe Royce alipoanza wimbo wake wa kila Jumapili kwenye simu: baba, uzeni nyumba, wewe na mama njooni mkae kwetu mjini Lubbock. Nyundo, kwa hasira, akampa neno: siku nitakayoshindwa kulenga, njoo utuchukue. Neno la baba kwa mwanawe si kitu cha kuchezea. Royce alikuwa anakuja kesho yake kwa chakula cha mchana, na Nyundo alijua ataombwa aonyeshe. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, na hakutaka kufia chumba cha wageni cha mtu, hata kama mtu huyo ni mwanawe.

— Leza ndiyo jibu lenyewe, alisema, kama anajibishana na Royce. Huhitaji kutazama alama. Unatazama kitu chako, nukta inakuonyesha risasi itatua wapi. Mradi itulie.

— Mradi umeipanga vizuri, alisema Shemasi. Uliipangia umbali gani?

— Urefu wa ukumbi wangu. Mlango wa mbele mpaka mlango wa chumba.

— Kosa hilo. Leza iko chini ya mtutu, mtutu uko juu ya leza. Hizo njia mbili zinakutana mahali pamoja tu. Mimi ya kwangu niliipangia urefu wa uwanja wa mpira.

— Shemasi, nyumbani kwako kuna uwanja wa mpira?

— Sina. Lakini mwizi anaweza kuanza kukimbia. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Huyo mwana mwache alale, alisema Waya. Umbali hauifanyi nukta itetemeke. Mimi nasema ni mashine za upepo zile kule mlimani. Zinazunguka, zinatikisa hewa, hewa inatikisa mwanga.

— Leo hakuna upepo.

— Zinabaki na upepo wa jana.

— Acha kutupiga fiksi, alisema Shemasi. Ni visima vya mafuta. Wanachimba, wanavuta mafuta, ardhi inabaki haina kitu tumboni, inatetemeka. Kinachotetemeka ni matairi. Leza imetulia tuli.

Wote watatu waliyatazama matairi. Yalikuwa yamezikwa nusu tangu enzi za baba yake Tolbert, na nyasi zilikuwa zimeota katikati yake.

— Inawezekana, alisema Waya taratibu.

Nyundo alimpenda sana kwa neno lile. Aliibana tena swichi, akashika bastola kwa mikono miwili, akavuta pumzi na kuishikilia kama alivyomfundisha Royce zamani. Nukta ikaenda kushoto, ikarudi, ikapanda ukingoni mwa tairi.

— Skrubu, alisema Shemasi. Hiyo ni skrubu imelegea.

— Nimezikaza mimi mwenyewe.

— Basi umezikaza mno. Zikikazwa mno zinapata wasiwasi.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anasubiri gunia lake la chakula cha mbuzi lipakiwe. Hawakuwa wanamjua ila kwa sura. Ni yeye aliyenunua shamba la marehemu Pruitt mwezi uliopita, jina lake Marisol Quintero. Alikuwa amesimama akisikiliza, mikono mfukoni, bila haraka ya mtu anayetaka kusema jambo.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Mmeshaijaribu ikiwa haijashikwa na mtu?

Waya alikuta kuna kitu cha kufuta kwenye birika. Shemasi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu avuliwe cheo, methali haikuja.

— Ninauliza tu, alisema Marisol. Pale mezani kuna jiliwa.

Kweli, jiliwa lilikuwepo, chuma kile cha kubania vitu, limefungwa kwenye meza ya kazi hatua chache kutoka benchi, nalo lilikuwepo Jumamosi ya kwanza na ya pili. Nyundo alilitazama. Katika ujana wake alikuwa amekaza vyuma vingi kwenye jiliwa kama lile kuliko idadi ya watu wa mji mzima, na wiki zote tatu halikumjia akilini hata mara moja. Alinyanyuka. Shemasi akasema, kwa sauti ndogo, hakuna ulazima, kaka. Nyundo akaifunga bastola kwenye jiliwa juu ya kitambaa, mdomo wa mtutu ukitazama matairi, akabana swichi kwa kidole gumba.

Nukta ya kijani ilikaa katikati ya tairi na haikusogea.

Kidole kiliposhuka, mkono mzima ulikuwa unatetemeka, na mkono huo ulikuwa wake. Alihisi aibu ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu kitu kingine, kwa sababu alipogeuka hakuna aliyeonekana kushangaa. Waya aliangalia chini. Ndipo Nyundo alipokumbuka nusu kikombe, ambayo haimwagiki hata mkono ukitetemeka. Haikuwa ya leo wala ya wiki iliyopita. Ilikuwa tangu majira ya baridi.

— Mlijua, alisema.

— Betri, alisema Waya, lakini hakumalizia.

— Tulijua, alisema Shemasi. Tungekwambia nini? Uhame?

Marisol alisema samahani, hakukusudia. Nyundo akamwambia hakuna kosa, mama, umeuliza swali lililonyooka kwenye benchi lililopinda. Kisha akakaa. Kesho Royce atakuja, na neno ni neno.

Mke wa Nyundo, Nadine, alitoka dukani na mfuko wa chakula cha kuku, ubishi wao ukiwa umemfikia kupitia dirishani. Aliangalia jiliwa, akaangalia leza iliyokuwa imezimwa, akaangalia mkono wa mumewe. Hakuhitaji kuelezwa.

— Shemeji, alianza Waya, unajua mashine za upepo...

— Najua mkono wa mume wangu, shemeji. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati.

Aliuweka mfuko chini. Akaifungua bastola kutoka kwenye jiliwa, akafungua chemba, akachungulia, akamwita Shemasi naye achungulie, kwa kuwa sheria ni sheria. Kisha akaielekeza kwenye matairi na kubana. Nukta haikukaa kama ilivyokaa kwenye jiliwa. Ilipepesuka kidogo, ikatafuta, ikatua ndani ya tairi la kati na kubaki humo humo.

— Nadine, alisema Nyundo. Nilimpa Royce neno.

— Ulimpa lako. Ulisema siku wewe utakayoshindwa. Mimi naishi nyumba ileile, na hakuna aliyeniuliza. Sikumpa mtu neno lolote.

— Sijawahi kukuona ukilenga.

— Hukuwahi kuniachia. Miaka yote umeishika wewe. Aliizima leza, akaweka bastola mezani, kisha akaongeza: Leo jioni utanifundisha kuipangia urefu wa ukumbi. Siyo uwanja wa mpira.

Shemasi aliinamisha kichwa.

Nyundo aliyatazama matairi yaliyoota nyasi. Kisha akanyoosha kikombe chake, kikitetemeka hivyohivyo mbele ya watu wote.

— Waya. Nijazie.

Waya alimwangalia Nadine, akamwangalia Nyundo, akamimina mpaka ukingoni. Kahawa ilimwagika kidoleni na juu ya goti, moto kwelikweli, na Nyundo akainywa taratibu, na safari hii hakuna aliyeisingizia betri.