Sekunde Mbili

Kwenye kiti cha mbele yangu, ndani ya basi la asubuhi, fundi saa mmoja alikuwa akimweleza muuguzi aliyekaa naye sifa za pochi ya bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, iliyomo kwenye simu yake. "Benki haimo, mwanangu, funguo ninazo mwenyewe. Tuma hata hela ya pipi. Nimeipima kwa saa: sekunde mbili imefika." Akabonyeza. Simu nyingine ikalia kwenye koti lake.

"Kumbe unajitumia mwenyewe, mzee!"

"Simu ile ni ya marehemu mke wangu. Najaribu kasi tu, kila asubuhi."

Mimi wa kwangu yu hai, na sijamtumia hata salamu tangu juzi.

"Na simu zote zikipotea?"

"Kuna maneno kumi na mawili, nimeyaandika kwenye karatasi. Aliye nayo anarudisha kila kitu."

"Karatasi umemwonyesha nani?"

Fundi akafuta miwani iliyokuwa safi. "Wanasema usimwonyeshe mtu. Hilo halijanipa taabu."

"Lakini mzee, lazima awepo mtu..."

Basi likasimama hospitalini. Muuguzi akainuka, akasita, akashuka. Fundi akavua koti, akalilaza kwenye kiti kilichobaki wazi, akabonyeza tena, akaitazama saa yake mpaka koti likalia.