Anastasia Sijaona, Aliyepandisha Udongo kwa Mbeleko

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mkunya, nanyi mliopanda mlima kutoka Lukuledi na Masasi kuja kutuzikia, familia imenituma mimi Kasiani, mdogo wake marehemu, nisome maisha ya dada yetu, na ninaomba mnisikilize mkiwa mmenyoosha migongo, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa kusomewa kwa sauti ya huruma.

Marehemu Anastasia Sijaona alizaliwa hapa Mkunya mwaka 1876, wakati wa palizi ya mtama, akiwa mtoto wa pili wa mzee Rajabu na mama yetu Pili, mfinyanzi, ambaye alimfundisha kufinyanga na kuchoma vyungu kabla hajajua kusonga ugali. Mwaka 1896 alishuka Lukuledi kwenye shule ya misheni, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1898, na mwezi Septemba mwaka huohuo alifunga ndoa na shemeji yetu Fikirini, mkulima, aliyeketi hapa mbele yenu.

Mtoto wao wa kwanza, Esha, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1899 katikati ya mlima, mama yake akitoka kuteka maji bondeni, maana huku juu hatuna mto wala chemchemi, na mtoto huyo hakufika jioni. Dada alilia, na alipomaliza kulia akatangaza kwamba atachimba shimo la kukinga maji ya mvua mlangoni pake, alikandike kwa udongo wa mfinyanzi wa bondeni, ili mwanamke mwenye mimba asiteremke tena mlima ule. Mchanga wetu mwekundu unakunywa maji kama mlevi, kila mtu anajua, kwa hiyo watu walidhani ni uchungu tu unaosema.

Hakuwa na nguvu kuliko ninyi, wala sitaki mumpambe. Alichofanya ni kwamba kila aliposhuka kuteka maji, safari ambayo angeifanya hata hivyo, alirudi na mtungi kichwani na bonge moja la udongo mgongoni, amelifunga kwa mbeleko ya Esha, na alituambia kwamba hafikirii shimo kabisa, anafikiria bonge la leo. Asubuhi ambazo miguu ilikataa, alipita kwanza kwa jirani yake Stamili, aliyekuwa akimcheka kuliko wote, akamweleza upya habari za shimo, akachekwa, akaondoka na hasira zake hadi bondeni, kwa kuwa alisema wanaomhurumia wanamlegeza magoti.

Petro alizaliwa mwaka 1901 na Agnes mwaka 1904, na kazi haikusimama. Shimo la kwanza liliyeyuka kwa mvua ya kwanza, likawa tope, akalizoa lote na kuanza tena. La pili alilijengea paa la miti na nyasi, na kabla halijaona mvua vita vya Maji Maji vikaingia, askari wakapita wakichoma maghala na nyumba, paa likaangukia shimoni likaungua humohumo, na njaa iliyofuata tuliila sote.

Aliporudi kutoka mafichoni alizoa majivu, akagonga ukuta wa shimo kwa kidole, na upande mmoja ulilia kama chungu kilichoiva. Alikaa chini akajicheka hadi machozi, mfinyanzi mwana wa mfinyanzi, aliyesahau kwamba chungu hakitiwi maji kabla ya kuchomwa. Akida wa serikali ya Wajerumani alikuwa akitulimisha pamba kwa lazima, na mwaka 1907, baada ya mavuno, dada alikusanya vijiti vyote vya shamba lile bila kumwomba mtu ruhusa, akavijaza shimoni, akalichoma lote, na masika yale maji yalikaa.

Akida alituma watu aandaliwe maji yake ya kuoga kabla ya wengine, naye dada akamjibu mbele ya umati kwamba kila anayeteka hapa mara ya kwanza huleta bonge lake la udongo kutoka bondeni, kwa mgongo wake mwenyewe. Alichapwa viboko kwa jibu hilo. Akida hakuleta bonge na hakupewa maji, ila Stamili alileta, na Oktoba ya mwaka huu binti yake Stamili amejifungua akiwa nyumbani kwao, si njiani.

Mwishoni mwa Novemba marehemu alishikwa na kichomi, akapelekwa kwa machela kwenye zahanati ya misheni, akarudishwa kwa ombi lake mwenyewe, na alifariki Alhamisi, tarehe 11 Desemba 1913, nyumbani kwake. Tunamshukuru mganga wa misheni, vijana waliobeba machela, wafinyanzi wenzake, na majirani wote, pamoja na mliomcheka, kwa maana mlimsaidia kuliko mnavyojua.

Jana mama zetu walipotaka kumwosha, mmoja alinyanyua mtungi ashuke bondeni kwa mazoea ya msiba, Stamili akamshika mkono. Maji aliyooshewa Anastasia yametoka mlangoni pake. Mbeleko ya Esha hatutamzika nayo, Agnes ameichukua, na leo asubuhi amerudi nayo ikiwa na bonge.

Dada, mlima umekwisha, tua mzigo, upumzike kwa amani.