Shule Nne, Chumba Kimoja: Bi Walburga Knöpfle Anatuaga

Tarehe 31 Julai 2024, Bi Walburga Knöpfle atarudisha ufunguo wa chumba namba 12 baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi hapa shuleni Lindenäcker, mjini Mössenbronn. Katika miaka hiyo amefundisha shule za aina nne, na hajahama hata meza. Shule ndizo zilizomfuata, moja baada ya nyingine, zikamkuta amekaa palepale dirishani na kikombe chake cha kahawa.

Alipokuja mwaka 1983 kufundisha hisabati na upishi, hii ilikuwa Hauptschule, shule ya watoto ambao wakiwa na miaka kumi tu walikwisha kuambiwa kwamba watashika nyundo, mwiko au mkasi wa kinyozi. Watoto wa daraja la kati walikwenda Realschule, kule karibu na stesheni. Wale waliotazamiwa kuwa madaktari na mawakili walivuka uwanja na kuingia Gymnasium, jengo la jirani, ambalo linafanana na letu kama yai na yai kwa sababu msanifu alilipwa kuchora mara moja tu. Miaka ya tisini tuliongezewa darasa la kumi na jina letu likarefuka. Mwaka 2010 serikali ya jimbo kule Stuttgart ikatufanya Werkrealschule, shule ya ufundi inayotoa pia cheti cha daraja la kati. Mwaka 2013 ikatufanya Gemeinschaftsschule, yaani wa nyundo na wa udaktari wanasoma pamoja chumba kimoja, kila mmoja kwa kiwango chake.

Kila badiliko lilikuja na mafunzo ya siku nzima. Katika mafunzo ya 2013, bwana mmoja mwenye tai ya zambarau alitutangazia kwamba kuanzia siku ile sisi si walimu tena, ni wasindikizaji wa wanaojifunza.

"Mimi husindikiza watu stesheni," alisema Bi Walburga kutoka safu ya nyuma. "Hawa nawafundisha."

Yule bwana alicheka, akidhani ni utani. Hakuwa amekutana na Bi Walburga.

Hata hivyo yeye ndiye aliyeuelewa mfumo mpya mapema kuliko sisi sote. Wakati sisi tunaumiza vichwa namna ya kufundisha somo moja kwa viwango vitatu, yeye aliingia jikoni na gunia la viazi. Kiwango cha kwanza: menya kiazi. Kiwango cha kati: menya kiazi, kisha pima maganda na useme ni asilimia ngapi umetupa. Kiwango cha juu: menya, pima, halafu mweleze mwenzako wa kiwango cha kwanza kwa nini yeye ametupa kidogo kuliko wewe. Mkaguzi alikuja kuangalia somo hilo, akaondoka na kilo mbili za saladi ya viazi.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi ya Februari 2014, maana najua wengi mmefungua jarida hili kwa ajili yake tu.

Hali yetu ilikuwa mbaya. Ili Gemeinschaftsschule iruhusiwe kuendelea, darasa la tano lilihitaji watoto arobaini, na wazazi wa Mössenbronn walikuwa hawatuamini. Waliona ni Hauptschule ileile iliyopakwa rangi. Tusipofikisha idadi, shule ingefungwa, sisi tungetawanywa wilaya nzima, na jengo lingepewa Gymnasium kwa ajili ya kwaya yao. Bi Walburga hakulala vizuri majira yale ya baridi. Alikuwa akija kazini macho mekundu, anafagia jiko ambalo lilikuwa limefagiliwa.

Juu ya hayo, hatukuwa na kibao. Mtunza jengo wetu, Bwana Zdravko Perić, alikuwa amekipandisha mlangoni mwezi Januari, na ndipo ilipogunduliwa kwamba neno Gemeinschaftsschule lina s mbili katikati na fundi alikuwa ameweka moja. Walimu wetu wawili wa Kijerumani walikataa kupita chini yake, wakawa wanaingilia dirisha la chumba cha mazoezi. Bwana Perić akakishusha, akakirudisha kwa fundi.

Basi siku ya kuwakaribisha wazazi ikafika. Gymnasium nao walikuwa na siku yao asubuhi hiyohiyo. Theluji ilianguka tangu alfajiri, majengo mawili ya kufanana yakasimama kwenye weupe, moja lina kibao na jingine halina. Lile lisilo na kibao lilikuwa linatoa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi, kwa kuwa Bi Walburga aliamka mapema akaandaa Maultaschen, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye nyama na spinachi, za kutosha kulisha kikosi cha zimamoto.

Familia ya kwanza kuingia ilikuwa ya Bwana Schickhardt, daktari wa meno, na binti yake Friederike wa miaka kumi. Bi Walburga aliwapokea kama ndugu waliorudi kutoka ng'ambo. Kabla Bwana Schickhardt hajavua glavu, binti alikuwa ameshafungwa aproni na kupewa kisu kidogo na kiazi. Nyuma yao ikaja familia nyingine, kisha nyingine, kisha kundi zima. Mimi niligawa sahani, moyo unanidunda kwa furaha. Nilidhani Mössenbronn imebadili mawazo.

Ndipo Bwana Schickhardt akauliza, mdomo umejaa, "Samahani, Mwalimu, Kilatini hapa kinaanza darasa la ngapi?"

"Kilatini?" Bi Walburga akasimamisha mwiko.

"Ndiyo. Na okestra tutaisikia saa ngapi?"

Nilimwona anaelewa. Uso wake ulishuka kama keki iliyofunguliwa oveni mapema. Alitazama ile meza iliyojaa watu, akanitazama mimi, nami kwa aibu ninakiri nilimfanyia ishara anyamaze. Hakunyamaza. Alipiga sufuria kwa mwiko mara tatu.

"Jamani, wazazi wangu! Mmekosea mlango. Gymnasium ni jengo lile pale. Sisi ni Gemeinschaftsschule, kibao chetu kimekwenda kutafuta herufi. Mnaotaka kwenda, nendeni kwa amani. Ila watoto wameshaosha mikono, naomba wamalize viazi vyao."

Bwana Schickhardt akaweka uma chini, akafuta mdomo. "Friederike, twende."

"Niko kiwango cha kati," alisema Friederike bila kuinua kichwa.

"Mwanangu, tumepotea njia."

"Wewe umepotea, Baba. Mimi napima maganda."

Upande wa pili wa uwanja, mkuu wa Gymnasium, Dokta Ansgar Tönjes, alikuwa amesimama mbele ya ukumbi mtupu. Nyuma yake okestra ya wanafunzi ilikuwa imepiga kipande cha kukaribisha wageni mara nne, na hakuna aliyekaribia. Akamtuma mwalimu wake wa Kilatini akaangalie barabara imefungwa au vipi. Mwalimu hakurudi. Akamtuma naibu wake akamtafute mwalimu wa Kilatini. Naibu hakurudi. Mwishowe akavaa koti, akafuata nyayo kwenye theluji, zikamfikisha jikoni kwetu.

"Bi Knöpfle!" alifoka mlangoni. "Umeniibia wazazi!"

"Sijaiba mtu, Dokta. Wamekuja kwa miguu yao, na nimeshawaambia waende. Funga mlango, baridi inaingia."

"Na mwalimu wangu wa Kilatini?"

"Yule pale, anakatakata vitunguu. Mwache, analia vizuri."

Dokta Tönjes alianza kuvuka jiko kumfuata. Njaa ikamtangulia, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa hajaweka kitu kinywani. Akapokea sahani, akaonja saladi ya viazi, akatafuna kwa makini. Mnapaswa kujua kwamba ni mtu wa Oldenburg, kaskazini kabisa, na alikuwa hapa mwaka wa pili tu.

"Nzuri," alisema. "Mna mayonezi?"

Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na sita. Nimeona moto kwenye maabara na mbuzi kwenye chumba cha walimu. Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Sisi huku saladi ya viazi tunaiweka mchuzi wa nyama, siki na mafuta, basi. Wazazi wa Gymnasium, wazazi wa kwetu, mwalimu wa Kilatini na machozi yake, wote wakamgeukia. Bibi mmoja akaketi.

"Dokta," alisema Bi Walburga kwa sauti ya daktari anayempa mtu majibu, "umetoka mbali. Hatukulaumu." Akamvisha aproni. "Unaanza kiwango gani?"

"Cha juu, bila shaka!"

"Haya, menya."

Na alimenya, tumpe haki yake. Alimenya ganda refu lisilokatika, akaomba jingine, akaanza kubishana kuhusu asilimia na mtoto wa fundi bomba mmoja. Bwana Schickhardt akaja kusuluhisha, akabaki. Kwenye saa saba mchana okestra nayo ilihamia kwetu na ala zao, ikapiga kwenye korido, maana kusema kweli na wao walikuwa na njaa. Dokta alipokumbuka kazi yake, alipanda juu ya kiti na kuwaomba wazazi wamfuate. Wazazi wengi walimfuata kwa heshima zote. Watoto wao walitolewa jikoni mmojammoja, wengine wakiwa wamebebwa begani, wameshika viazi.

Tukafikiri imeishia pale. Wiki ya uandikishaji ilipofika mwezi Machi, aliketi na karatasi zake kwenye meza ya mlangoni, na mimi pembeni. Walikuja wetu tuliowatarajia. Wakaja pia wale watoto wa jikoni, mmoja asubuhi, wawili mchana, wazazi wakiangalia viatu vyao kana kwamba wanaingia kwenye nyumba ya kamari. Siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache tufunge, tulikuwa thelathini na tisa.

Bwana Perić alijitolea kunyoa ndevu na kuandikishwa yeye.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bwana Schickhardt aliingia na koti la kazini, barakoa ya meno bado inaning'inia shingoni, Friederike nyuma yake ametulia kama malkia.

"Wiki nne," alisema, "wiki nne mezani kwangu hakuna mazungumzo mengine. Kila kiazi kinapimwa. Mke wangu naye anapimwa. Haya, mwandikeni!"

Bi Walburga aliandika jina lile kwa mwandiko mzuri, akasimama, akasema anakwenda kuangalia kitu stoo. Alipochelewa nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya gunia, leso usoni.

"Ni vitunguu," alisema.

"Vitunguu viliisha wiki iliyopita, Walburga."

"Basi ni kukosekana kwavyo. Toka hapa."

Nilitoka. Nilifunga mlango taratibu, nikajipa kazi ya kuhesabu upya majina yale hadi alipokuwa tayari kurudi.

Kesho yake mlangoni tulikuta chupa kubwa ya mayonezi iliyofungwa utepe, na kadi ya Dokta Tönjes: "Hongera. Kwa siku za dharura." Tangu hapo shule mbili zinafanya siku ya wazazi pamoja, upishi kwetu na muziki kwao. Kibao kilirudi mwezi Aprili na s zote, ingawa moja ni ya kijani zaidi kuliko nyingine. Friederike alimaliza kwetu, akavuka uwanja kwa miaka ya mwisho, na sasa anasomea meno chuoni Tübingen. Baba yake husimulia kila mahali kwamba kumleta hapa lilikuwa wazo lake.

Bi Walburga hapendi sherehe, kwa hiyo tulimficha maandalizi yake hadi Jumanne iliyopita. Darasa la tano, ambalo ndilo lake la mwisho, lilikuwa limesikia kwamba ameingia shule mwaka 1983 na bado hajatoka, na likamwonea huruma. Likaamua kumpa cheti cha kumaliza. Shida ikawa ni cheti kipi. Wengine walitaka kile cha Hauptschule, wengine cha kati, msichana mmoja akashikilia kwamba mtu wa miaka mingi hivyo amestahili cha kuingilia chuo kikuu. Walibishana vipindi viwili vya hisabati. Mwishowe wakaandika: "Walburga Knöpfle amefaulu, na anaruhusiwa kwenda popote anapotaka." Alikisoma mbele yao kwa sauti, akafika katikati, akaomba mtu mwingine amalizie.

Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemkuta ameambiwa yeye ni wa aina fulani, ukamuuliza kwanza kama amekula. Tunakutakia goti lisilouma, nyanya zinazoiva kabla ya baridi, na wajukuu wanaobisha. Na Septemba, kengele yetu ikilia saa mbili kasorobo asubuhi, nawe ukaisikia hadi kitandani kwako, geukia ukutani ulale.

Tilman Rehfuss
kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote wa Lindenäcker