Mjomba Kivuli na Sidii Zake za Gizani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mjomba Kivuli anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu miaka thelathini na moja, yote kwenye stoo ya kumbukumbu za sauti, chumba cha mwisho kushoto, kile ambacho wageni hudhani ni choo. Wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu wenye digrii wote humu ndani walisema wana shughuli. Sawa. Shule niliiacha njiani, lakini ulimi nilibaki nao. Atakayeona kosa alirekebishe kimoyomoyo.

Mjomba alianza na kanda. Kanda zilipochoka akaambiwa ahamishie kila kitu kwenye sidii, na hapo ndipo kero zetu zilipoanza. Mtu mwingine akitumwa sidii tupu, hununua akarudi. Mjomba alizichunguza kama anatafutia binti yake mume. Jina lililoandikwa kwenye boksi hakulijali, alisema jina ni nguo tu na nguo huazimwa: kampuni ileile, mwaka huu inatengenezewa na kiwanda hiki, mwaka ujao na kile. Kwa hiyo aliingiza moja kwenye kompyuta imtajie kiwanda ilikozaliwa, akaigeuza tumbo juu atazame rangi yake, kisha akainusa. Kuinusa kulimsaidia nini, mpaka leo hajatuambia.

Baada ya hapo jaribio. Kila boksi jipya lilitolewa sidii mbili, akazirekodia sauti ileile, kuzichoma kama wasemavyo mafundi, kwa mwendo wa polepole ambao mtu angeweza kwenda kuoa na kurudi. Moja aliiweka kwenye ukingo wa dirisha, jua liipige. Ya pili aliifungia kwenye droo, gizani. Miezi ikipita alizitoa zote mbili, akavaa hedifoni zake kuukuu, akasikiliza huku akitabasamu peke yake. Tulibishana sana anasikiliza nini. Dereva aliapa ni dansi za ujana wake. Mhasibu alisema ni mahubiri. Mimi nilisema ni sauti yake mwenyewe akijisifu. Tukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Hicho ni kipimo tu, nyinyi watoto. Nani anasikiliza mizani?"

Jina la Kivuli alipewa kwa tabia ya kukimbilia kila penye sidii iliyoachwa juani na kuipeleka kivulini, hata kama si yake, hata kama ni ya muziki wa dereva. Mlinzi wa getini alikuwa akimpigia kelele: "Mjomba, na sisi tuhamishe, tunafifia huku!"

Alikuwa na adui mmoja wa kudumu, Afisa Manunuzi. Huyu alileta marundo ya sidii za bei poa, zimefungwa nailoni tu, hazina hata boksi. "Sidii ni sidii, Mjomba, zote duara!" Mjomba akaweka moja dirishani. Kiangazi hakijaisha, ikawa kimya kama Afisa Manunuzi mwenyewe akiulizwa swali kikaoni. Tulidhani atafukuzwa. Siku hizi ni Mkuu wa Manunuzi.

Lakini msije mkadhani namsifia malaika. Mjomba anajua kujisikia, na kwa ukali hana mpinzani. Ukiandika juu ya sidii kwa kalamu ya ncha ngumu, anakunyang'anya kama mtoto aliyeshika wembe. Ukibandika stika, utasikia wimbo wake mpaka uote: "Usibandike! Gundi inakula!" Juu ya kabati lake kuna karatasi yenye maneno hayo, na, amini usiamini, karatasi hiyo imebandikwa kwa gundi.

Sasa nifike kwenye lile mnalolisubiri. Binti yetu wa mapokezi alikuwa anaolewa. Baba yake ni marehemu Radi, msomaji wetu wa habari mwenye sauti ya ngurumo, aliyefariki binti hajatimiza hata mwaka. Binti aliomba kitu kimoja tu: siku ya harusi, sauti ya baba isikike ukumbini, hata kama anasoma habari za mafuriko. Hakumbuki kuisikia hata mara moja. Kanda pekee waliyokuwa nayo nyumbani ililiwa na redio. Bosi akasimama mbele ya wafanyakazi wote, akapanua kifua: "Hilo dogo! Vitu vyote viko kwenye wingu la mtandaoni." Ndiko vilikokuwa, na nywila ya hilo wingu ilikuwa kichwani kwa fundi wa kompyuta aliyeondoka hapa kwa ugomvi, akazima na simu. Wakageukia nakala za kwenye sidii za Manunuzi. Kimya. Harusi ikiwa wiki moja mbele, msafara mzima, Bosi mbele, binti nyuma, ukaingia chumba cha mwisho kushoto.

"Nilijua mtakuja," alisema Mjomba, na maringo yale mnayajua. Akafungua kabati, akatoa sidii ya sauti ya Radi, ya rangi ya dhahabu, bora kuliko zote alizowahi kununua. Juu yake, duara zima, imebandikwa picha ya Radi. Kwa gundi. Mjomba! Aliibandika mwenyewe wakati wa msiba, kumuenzi rafiki yake. Mashine ikaizungusha, ikakohoa, ikaitema. Alipoikagua, picha ilikuwa imenyanyuka pembeni na utando wa dhahabu umeifuata, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Mjomba akakaa chini. Binti akamshika bega: "Basi, Mjomba. Nyumbani tulishazoea." Akarudi kupokea simu.

Wakubwa wakatawanyika. Mimi, kwa utovu wa adabu ambao mama yangu ameshindwa kuutibu, nikaona nimchangamshe mzee. Nikachukua hedifoni zake, nikaipiga ile sidii ya droo aliyokuwa akiijaribu asubuhi. Leo lazima nijue ni dansi au mahubiri. Nikasikia mwanamume mwenye sauti nzito ananong'ona: "Kivuli, funga mlango taratibu, mtoto kalala." Kitoto kikakohoa. Kisha yule mwanamume akaanza kukiimbia, vibaya mno, huku akicheka.

"Mjomba, huyu nani?"

"Nani tena, si Radi huyo! Rudisha kipimo changu."

Halafu nikaona jina alilolitamka mwenyewe likimrudia usoni.

Kumbe siku moja Radi alikuja kazini na mtoto, ndiye huyu binti wetu wa mapokezi, mama yake anaumwa, na mashine ikanasa kabla ya habari kuanza. Mjomba aliichagua sauti ile kwa sababu ya mnong'ono: sidii ikianza kufa, mikwaruzo husikika kwanza penye utulivu. Tangu hapo kila boksi lilipimwa kwa mnong'ono uleule, miaka nenda miaka rudi, mpaka akaacha kumsikia mtu na kubaki akisikia mikwaruzo tu. Droo imejaa. Hakuna sauti yenye nakala nyingi kama hiyo katika jengo hili, hata hotuba za Bosi, tumshukuru Mungu.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulitega sikio kusubiri radi, ukapata mnong'ono. Bibi harusi alicheka kwanza, pale penye kuimba vibaya. Kilichofuata si cha kuandikwa kwenye jarida la kazini. Bosi alipiga makofi kana kwamba ameichoma yeye. Mkuu wa Manunuzi aliuliza ni sidii za kampuni gani. Mjomba aliitoa kwenye mashine, akaigeuza tumbo juu, akainusa mbele za watu, akamkabidhi bwana harusi: "Mkwe, isimamishe wima, gizani. Usiandike kitu." Binti wa mapokezi akamalizia kwa sauti: "Na usibandike!"

Mjomba, kwa niaba ya wote uliowahi kuwafokea, asante. Ufunguo wa droo umeniachia mimi, na umenichagua vizuri, maana bora kuliko mimi hayupo. Huko uendako ukae penye ubaridi, jua la mchana likupitie mbali, usilaliwe na mizigo ya watu. Na wakitaka kukubandika cheo, mwenyekiti wa hiki au mlezi wa kile, kataa. Gundi inakula.