Mwalimu Drusilla Nyanchoka Onyancha na Futi Mia Tatu za Nyansiongo (1941–1998)

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Marani, binti wa kwanza wa seremala Omwenga na mkewe Kemuma. Alimshikia babake ncha ya futikamba tangu akiwa mdogo, na kabla hajaingia darasani alishajua inchi kumi na mbili ni futi moja.

Alisoma shule ya msingi Marani, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1960. Alianza kazi Suneka mwaka 1962, akahamia Nyansiongo alipoolewa, na huko akafundisha hesabu hadi alipostaafu mwaka 1996. Mita zilipoletwa shuleni, walimu wengi walinung'unika. Yeye alichonga kijiti cha mbao, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita, na kila mwanafunzi wake akatengeneza chake. Akina mama waliotaka vitambaa vya madirisha walimletea vipimo vyao hata siku za soko, naye akawageuzia bila kuchoka.

Tarehe 19 Desemba 1964 alifunga ndoa na Sylvanus Onyancha, ambaye wakati wa kuposa aliwaambia wakwe kuwa ana urefu wa futi sita. Miaka ilipita, wakapata binti wakamwita Kemuma kwa jina la bibi yake. Siku moja mama alimsimamisha kwenye mlango wa jikoni akampima: sentimita mia moja sabini na tano. Akapiga hesabu, kisha akamwambia kwa upole, "Baba Kemuma, inchi tatu ulituongezea." Mzee alicheka mpaka akaketi.

Lakini kulikuwa na kipimo ambacho hakikuwachekesha. Baba mkwe alipofariki mwaka 1991, ilifunguliwa karatasi aliyoiandika mwaka 1966. Ilisema sehemu ya Onyancha ianzie mtoni na kupanda hadi 300, na kutoka hapo ni ya mdogo wake, Joash. Kijana aliyekuja kupima alihesabu mita mia tatu. Mpaka ukapita katikati ya majani chai ya Joash, ukaacha nyumba yake upande wa kaka yake.

Mama aliomba karatasi. Juu ya ile namba aliona mkato mdogo ambao wengine waliudhania doa la wino. Alijua shamba lililokuwa likiongezeka ni la watoto wake mwenyewe.

"Hii ni alama ya futi," alisema. "Ni mita tisini na moja na sentimita arobaini na nne. Kutoka hapo ni kwa Joash."

Mumewe alimuuliza, "Kwani wewe ni mke wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana sitaki uchume chai ya ndugu yako."

Kwa wiki saba mzee alikula chakula chake kimya. Mama alipika, akapanga sahani, akangoja. Wiki ya nane mzee alimwita Joash, wakashuka wote mtoni, wakapima upya na kupanda miti mpakani.

Mwaka 1997 kisukari kilimzidi mama. Alilazwa Kisii mara mbili, na Joash ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali ili kaka yake apumzike. Mwishowe mama aliomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 4 Februari 1998, alimwomba mumewe amgeuze atazame dirishani. Mzee akamgeuza, akamfunika mabega, akabaki amemshika mkono hata baada ya pumzi kukatika.

Ameacha mume wake, Mzee Sylvanus Onyancha, watoto Kemuma, Andrew na Onchiri, wajukuu watano, shemeji yake Joash na jamaa yake, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Lala kwa amani, mama, mpaka asubuhi ile Bwana atakapokuita kwa jina.